Ruzuku za korona kwa mashamba ya Iowa: nani alilipwa, na kwa kipimo gani?

Mfugaji wa Mbuzi, Iowa

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni mama mzaliwa wa Kitui, na sasa naishi katika kaunti ya mashambani kaskazini-magharibi mwa Iowa, ambako mimi na mume wangu tumekodi ekari sita tangu 2018. Tunafuga mbuzi wa nyama, na tunalima mchicha, sukuma wiki na biringanya tunazowauzia Waafrika wenzetu walioko mijini. Majuzi binti yetu alikuwa akifanya kazi ya shule kuhusu kilimo cha kaunti hii, akanionyesha orodha, iliyo wazi kwa mtu yeyote, ya fedha ambazo serikali kuu iliwalipa wakulima kwa ajili ya janga la korona katika miaka ya 2020 na 2021. Nimeona humo majina ya watu ninaosali nao, wengine wakiwa wamelipwa zaidi ya dola laki mbili. Jirani yetu, ambaye kila alfajiri namwona akiingia katika mabanda yake mawili makubwa ya nguruwe, hana hata senti moja katika mwaka wote wa 2020. Sisi pia hatumo.

Siandiki kwa kijicho. Sisi wenyewe hatukuomba, kwa sababu tuliamini kwamba msaada ule ulikuwa wa wenye mahindi, soya na ng'ombe, na wanunuzi wetu walipoadimika masika yale tuliuza mbuzi wachache kwa bei ya kutupa tukanyamaza. Mwaka 2019 tulikuwa tumeuza mbuzi na mboga kwa jumla ya dola 8,000 hivi. Naomba mwenye ujuzi anieleze fedha zile zilipimwa kwa kipimo gani, kwa nini jirani yangu aliachwa, ikiwa ni halali majina ya watu kuanikwa namna ile, na ikiwa mlango umekwisha kufungwa kwa watu kama sisi. Ningependa pia kumjibu binti yangu, aliyeniuliza kama wale waliolipwa zaidi ndio walioumia zaidi.

Mhasibu wa Mashambani

Dada, pokea salamu zangu. Mimi huandaa hesabu za kodi za wakulima katika jimbo hilohilo, na mwaka ule nilikaa na familia nyingi mezani tukijaza fomu hizo, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Sehemu kubwa ya fedha ulizoziona ilitoka katika mpango ulioitwa CFAP, yaani mpango wa msaada wa chakula wakati wa korona, uliotangazwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani tarehe 17 Aprili 2020, wakati Sonny Perdue alipokuwa waziri. Katika dola bilioni 19 zilizotangazwa siku hiyo, bilioni 16 zilikuwa za kuwalipa wakulima moja kwa moja na bilioni 3 za kununua chakula cha kugawiwa wenye shida. Maombi ya awamu ya kwanza yalianza kupokewa tarehe 26 Mei katika ofisi za kaunti za wakala wa wizara unaoitwa FSA. Awamu ya pili, yenye hadi dola bilioni 14, ilipokea maombi kuanzia tarehe 21 Septemba hadi 11 Desemba 2020, kisha ikafunguliwa tena mwaka 2021 hadi tarehe 12 Oktoba.

Kipimo cha awamu ya kwanza kilikuwa kushuka kwa bei sokoni. Zao au mnyama ambaye bei yake kitaifa ilishuka kwa asilimia 5 au zaidi kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili aliingia katika orodha, kisha mkulima akalipwa kwa idadi ya alichouza au alichokuwa nacho. Aliyeuza ng'ombe walionona wa kuchinjwa katika miezi ile mitatu alipata dola 214 kwa kila kichwa, hivyo aliyeuza 300 alipata dola 64,200 kwa hao peke yao. Ng'ombe waliobaki zizini walihesabiwa kwa dola 33 kila mmoja. Kondoo waliingia, mbuzi hawakuingia, na hapo dhana yenu haikuwa mbali na kweli.

Awamu ya pili ilikuwa tofauti, na ndiyo inayonisikitisha kwa ajili yenu. Ng'ombe walilipiwa dola 55 kwa kichwa na nguruwe dola 23, bila kuhesabu wanyama wa kuzalisha, na mahindi yalilipiwa kwa ekari, kiwango cha chini kikiwa dola 15. Mboga, matunda na mifugo midogo, mbuzi wakiwamo, vililipwa kwa asilimia ya mauzo ya mwaka 2019, na kwa mkulima aliyeuza chini ya dola 50,000 asilimia hiyo ilikuwa 10.6. Mngeleta daftari lenu la mauzo ya dola 8,000 mngelipwa takriban dola 848. Ni fedha ndogo mbele ya zile ulizoziona, lakini najua dola 848 ni magunia mangapi ya chakula cha mbuzi wakati wa baridi.

Kuhusu wale wa laki mbili na zaidi, kikomo kilikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja katika kila awamu, na kwa dola 23 kwa nguruwe mfugaji alikifikia akiwa na nguruwe wapatao 10,870. Katika kaunti kama Sioux, inayoongoza jimbo zima kwa nguruwe na kwa ng'ombe, idadi hiyo haimshangazi mtu. Kampuni yenye wanahisa watatu, ambao kila mmoja anatoa walau saa 400 za kazi au usimamizi shambani, iliweza kufikia dola 750,000. Mwenye wastani wa mapato ya zaidi ya dola 900,000 kwa mwaka alizuiwa, isipokuwa kama robo tatu ya mapato hayo yalitoka katika kilimo, ufugaji au misitu, kwa hiyo mkulima mkubwa wa kweli hakuzuiwa na kifungu hicho.

Majina hutangazwa kwa haki kabisa. Fedha hizi ni za umma, na malipo yake ni kumbukumbu za serikali ambazo mtu yeyote anaweza kuziomba. Taasisi iitwayo Environmental Working Group imekuwa ikizipanga kwa kaunti na kwa jina kwa miaka mingi. Sheria ya kilimo ya 2008 inalinda taarifa nyingine ambazo mkulima huipa ofisi kuhusu ardhi na uendeshaji wa shamba lake, lakini jina na kiasi alicholipwa havifichwi. Mwambie binti yako, hata hivyo, kwamba orodha ya kaunti hufuata anwani ya posta ya aliyelipwa na si mahali shamba lilipo, na kwamba familia moja inaweza kutokea mara tatu, kwa jina la baba, la mwana na la kampuni yao. Kabla ya kusema kaunti fulani ilipata kiasi fulani, sharti mambo hayo mawili yatazamwe.

Mkwe wa Wafugaji

Dada, kuhusu jirani yako naweza kukueleza, maana nimeoa katika familia ya wafugaji wa namna hiyo na mimi ndiye ninayemsaidia baba mkwe wangu kila siku.

Yamkini nguruwe unaowaona si wake. Mabanda ni yake, na deni la benki lililoyajenga ni lake. Umeme, jasho na samadi ni vyake pia. Nguruwe, chakula chao na dawa zao ni vya kampuni, inayomlipa kwa mkataba kwa kila nafasi ya mnyama bandani au kwa kila kundi analolikuza. CFAP ilimlipa mwenye mnyama, yaani yule aliyebeba hatari ya bei kushuka, na kwa hiyo mwaka 2020 mfugaji wa mkataba hakuwa na fomu ya kujaza.

Lakini kusema kwamba hakubeba hatari yoyote ni kosa, nami nalisema kwa uchungu. Mwezi Aprili 2020 viwanda vikubwa vya nyama vilifungwa kimoja baada ya kingine kwa sababu wafanyakazi waliugua. Cha kampuni ya Smithfield kule Sioux Falls, South Dakota, kilifungwa, kikafuata cha kampuni ya JBS kule Worthington, Minnesota, na kuelekea Mei uchinjaji wa nguruwe nchini ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 40. Nguruwe hawezi kuambiwa asubiri. Aliyefikia uzito wa kuchinjwa anazidi kunenepa bandani, na watoto waliokwisha kuzaliwa wanahitaji nafasi ileile. Wengine waliuawa na kuzikwa. Kwetu kampuni ilichelewa kuleta kundi jipya, tukakaa na banda tupu kwa wiki kadhaa, na banda tupu halina malipo, ilhali benki haikuchelewesha tarehe yake. Baba mkwe wangu ni mtu mkimya, lakini majira yale alikuwa akiamka usiku kwenda kukaa bandani peke yake.

Bunge lilikuja kuliona jambo hili mwishoni. Sheria ya tarehe 27 Desemba 2020 iliruhusu hadi dola bilioni 1 kwa wafugaji wa mkataba wa nguruwe na kuku, na wizara ikakubali kulipa hadi asilimia 80 ya mapato yaliyopotea kwa kulinganisha 2020 na 2019. Mwisho wa kuomba ulikuwa tarehe 12 Oktoba 2021. Sisi tuliomba tukalipwa. Inawezekana jirani yako hakupata habari, au mapato yake hayakushuka. Mtazame pia katika orodha ya 2021 na 2022 kabla ya kusema hakupata kitu.

Mtoka Bukavu

Nimewasoma kwa makini, na ninaomba kuongeza upande ambao hautokei katika orodha yoyote ya mashamba. Mwaka ule nilikuwa katika mstari wa kukata nyama, katika kiwanda ambacho sitakitaja, pamoja na Wakongomani wengi, Waburma na watu wa Amerika ya Kati. Ndugu yetu hapo juu amesema viwanda vilifungwa kwa sababu wafanyakazi waliugua. Wafanyakazi hao ni sisi. Tulisimama bega kwa bega, tukasafiri watano katika gari moja, tukarudi katika nyumba zenye wazee na watoto, na wako tuliowazika bila matanga kwa sababu watu hawakuruhusiwa kukusanyika. Tarehe 28 Aprili 2020 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kutaka viwanda vya nyama viendelee kufanya kazi.

Sisi hatukuwa na idadi ya mifugo ya kuandika katika fomu. Wizara hiyohiyo ya Kilimo ilikuja kutangaza mwaka 2021 msaada kwa wafanyakazi wa mashambani na wa viwanda vya nyama, wa dola 600 kwa mtu, mara moja, kupitia mashirika yasiyo ya faida yaliyopewa fedha mwishoni mwa 2022. Nilipata zangu baadaye nikashukuru, nikanunua matairi ya gari. Simwonei gere mkulima, kwa sababu bila nguruwe wake sina kazi. Nasema tu kwamba binti wa mama huyu, akiuliza nani aliumia zaidi, asiishie katika orodha ya wenye mashamba.

Mwanafunzi wa Uchumi wa Kilimo, Ames

Poleni, na asanteni kwa maelezo haya. Nashughulikia ruzuku za kilimo katika masomo yangu, na napenda kulijibu swali la binti moja kwa moja: hapana, waliolipwa zaidi si lazima wawe walioumia zaidi, kwa kuwa mpango haukupima maumivu ya shamba lolote. Ulipima bei ya taifa, ukaizidisha kwa wingi wa mali. Mkulima aliyekuwa amekwisha kufunga bei nzuri ya mahindi yake kwa mkataba kabla ya janga, asipoteze kitu, alifuata hesabu ileile ya ekari katika awamu ya pili kama jirani yake aliyeuza kwa bei ya chini kabisa. Mama wa mbuzi, aliyepoteza wanunuzi wake wote kwa mwezi mzima, katika awamu ya kwanza hakuhesabiwa.

Wapo wanaosema ulikuwa ni upendeleo wa makusudi, nami natofautiana nao kidogo. Ilitakiwa fedha ziwafikie watu katika majuma machache, kupitia ofisi ambazo zenyewe zilikuwa zimefungiwa milango na kuhudumia kwa simu, na njia ya haraka ni kumlipa mtu ambaye ofisi tayari inazo namba yake ya shamba, ekari zake na akaunti yake ya benki. Mkulima alithibitisha idadi yake kwa saini, na nyaraka aliziweka nyumbani mpaka aombwe. Njia hiyo ilikuwa ya haraka kweli, lakini iliwapendelea waliokuwa wamekwisha kuandikishwa na wenye mali nyingi, hata kama hakuna aliyekaa na kupanga iwe hivyo. Mwezi Machi 2021 Tom Vilsack, aliyekuwa amechukua uwaziri, alisema kwamba katika karibu dola bilioni 26 zilizolipwa katika awamu zile mbili, wakulima weusi walipata dola milioni 20.8 tu. Wakulima weusi walikuwa asilimia 1.4 ya wakulima wote katika sensa ya kilimo ya 2017, na sehemu yao ya fedha haikufika hata asilimia 0.1. Wengi wao wana mashamba madogo, na hilo linaeleza sehemu ya pengo, lakini halielezi lote.

Jambo la pili ni wakati. Mwaka 2020 wote malipo ya moja kwa moja ya serikali kwa wakulima nchini yalizidi dola bilioni 45, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa. Fedha za awamu ya pili zilikuwa zikiingia benki katika majira ya baridi ambapo bei ya mahindi na soya ilikuwa imekwisha kupanda, na mwaka 2021 ikaongezwa dola 20 kwa kila ekari iliyokuwa imelipiwa. Nusu ya ardhi ya kilimo ya Iowa, na zaidi, hulimwa na wapangaji. Mwenye ardhi anayepokea kodi ya fedha taslimu hakustahili CFAP, kwa sababu habebi hatari ya zao, lakini anajua mpangaji wake amepata nini. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, wastani wa kodi ya ekari ulikuwa dola 222 mwaka 2020 na dola 256 mwaka 2022. Bei ya mahindi ndiyo iliyosukuma zaidi, sitii chumvi, lakini ruzuku inayofuata ekari ina desturi ya kuishia kwa mwenye ekari. Wewe, dada, unayekodi ekari sita, unalipa kodi hiyo bila kuwa umeipata ruzuku.

Mfugaji wa Mbuzi, Iowa

Nawashukuru mno, na wewe kaka wa Bukavu nakupa pole ya dhati. Nimemsomea binti yangu maneno yako, naye ameyatia katika kazi yake bila kutaja jina. Ni kweli kwamba kodi tunayomlipa mwenye shamba imepanda tangu tuanze, na sikujua kuihusisha na jambo hili. Kwa mhasibu nina swali moja: kama fedha za janga zimekwisha, ipo sababu gani ya mimi na mume wangu kwenda sasa katika ofisi ya kaunti? Sisi bado hatuna uraia, tuna ukaazi wa kudumu, na wenzetu hutuambia kwamba kujiandikisha serikalini ni kujitafutia maswali.

Mhasibu wa Mashambani

Dada, fedha za CFAP zimefungwa tangu tarehe 12 Oktoba 2021, na mpango mwingine uliowalenga waliopoteza walau asilimia 15 ya mapato yao ya 2020 ulifungwa katikati ya Julai 2023. Hakuna mtu anayeweza kuwafungulia tena, na akitokea wa kuwaambia anaweza kwa malipo, msimpe hata senti.

Sababu ya kwenda ni hiyo aliyoieleza mwanafunzi: janga au ukame ukija tena, watalipwa kwanza wale ambao ofisi inawajua. Ukaazi wa kudumu ulitosha kwa CFAP, na unatosha kwa mambo nitakayoyataja. Nendeni na mkataba wenu wa kukodi ardhi, vitambulisho, namba ya hifadhi ya jamii na taarifa za benki, muombe mpewe namba ya shamba. Kisha kila mwaka mtoe taarifa ya ekari mlizopanda, ambayo kwa mazao mengi ya masika mwisho wake ni tarehe 15 Julai. Mkiwa na kumbukumbu hizo mnaweza pia kuomba mkopo mdogo wa FSA, ambao kikomo chake ni dola 50,000, badala ya kukopa kwa kadi ya benki kama ninavyoona wateja wangu wengi wageni wakifanya. Mauzo yenu yaandikeni, hata ya mbuzi mmoja anayechukuliwa nyumbani usiku wa kuamkia sikukuu, na myatolee taarifa ya kodi kama mapato ya shamba, kwa sababu katika awamu ya pili karatasi hiyo ilikuwa ushahidi mmojawapo wa mauzo, ulipotakiwa. Na kama mngelipwa, malipo yenyewe yangetozwa kodi kama mapato mengine, jambo ambalo liliwashtua wateja wangu wengi Aprili iliyofuata.

Mkwe wa Wafugaji

Naongeza neno moja ambalo baba mkwe wangu angelisema kama angekuwa anasoma Kiswahili. Kila kaunti ina kamati ya wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao, kuanzia watatu hadi 11, wanaokaa miaka mitatu na kuamua mambo mengi ya mipango hii ngazi ya chini. Ukiisha kuipa ofisi taarifa za shamba lako unaweza kupiga kura na hata kugombea, shamba liwe la ekari sita au elfu sita. Karatasi za kura hutumwa kwa posta mapema Novemba na hurudishwa mapema Desemba. Katika kaunti yetu wanaorudisha ni wachache sana, na tangu nimeoa hapa sijaona katika karatasi hiyo jina la mtu anayefuga mbuzi.

Mfugaji wa Mbuzi, Iowa

Mume wangu amesoma yote haya jana usiku. Tumekwisha kupiga simu, na tumepewa nafasi siku ya Alhamisi saa nne asubuhi. Tunakwenda na mkataba wa ardhi na daftari la mauzo, na binti yetu ameomba ruhusa shuleni aje nasi.